Walikata, Hawakupeleka

Sisi ni walinzi wa usiku katika maduka na benki za Makutano, mjini Meru. Ni akina mama wanaopiga deki wodini na katika afisi za umma mjini Embu. Ni wapishi wa shule za bweni, walimu wa BOM (walioajiriwa na bodi za shule) kutoka Runyenjes hadi Mikinduri, vibarua wa mashamba makubwa ya maua na mboga upande wa Timau, na vijana wa mjengo ambao kontrakta huwachukua leo Siakago na kesho Kianjai. Kazi zetu ni mbalimbali ila lalamiko letu ni moja. Tunakatwa pesa za uzeeni na za matibabu, na pesa hizo hazifiki zinakotakiwa kufika. Wengine wetu hatukatwi chochote, kwa kuwa tumeambiwa hatuna mwajiri: mwenye mahali anasema sisi ni watu wa kontrakta, naye kontrakta anasema sisi ni vibarua wa siku.

Tumeyasema haya kwa miaka ndani ya matatu, kwenye vikao vya chama, na nje ya kanisa ibada ikiisha. Leo tunayasema kwa pamoja, na tunataka jambo moja lisikike vizuri. Mwenye mahali pa kazi, yule anayefaidi jasho letu kila siku, lazima naye abebe deni la michango yetu inapokosa kulipwa. Kumweka kontrakta katikati kusiwe njia ya kulitupa deni hilo.

Tuanze na hesabu, maana tumechoka kuambiwa tunapiga kelele juu ya senti. Mchukue mlinzi wa mshahara wa Sh15,000 kwa mwezi. Tangu Februari 2023, Sheria ya 2013 ya NSSF, hazina ya akiba ya uzeeni, ilipoanza kutekelezwa, anakatwa asilimia 6 ya mshahara wake, yaani Sh900, na mwajiri anapaswa kuongeza Sh900 nyingine kutoka mfukoni mwake. Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua mahali pa NHIF, anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya, ambayo ni Sh412.50. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, yaani Sh225, na mwajiri anaongeza kiasi kicho hicho. Kwa jumla, Sh1,537.50 zinatoka kwa mlinzi na Sh1,125 zinatoka kwa mwajiri. Kwa NSSF na SHA, siku ya mwisho ya kupeleka ni tarehe 9 ya mwezi unaofuata.

Sasa tuangalie NSSF peke yake. Sh1,800 kwa mwezi ni Sh21,600 kwa mwaka. Mlinzi huyo akikaa lindoni miaka 5, ni Sh108,000 kabla ya riba. Mtu wa Abothuguchi au Kianjokoma hahitaji kufafanuliwa Sh108,000 ni nini. Ni ng'ombe wa gredi. Ni karo ya mtoto hadi amalize chuo cha ufundi. Ni pesa za kuanzia maisha mtu anaporudi nyumbani na magoti yamekwisha nguvu kwa kusimama usiku. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba isiyofika kwenye hazina haipo kabisa.

Tuigeuze hesabu hiyo tuitazame kwa upande wa tajiri. Kampuni yenye walinzi 200 wa mshahara huo inapaswa kupeleka NSSF Sh360,000 kila mwezi. Isipozipeleka kwa mwaka mzima, imebaki na zaidi ya Sh4 milioni, na nusu kamili ya hizo ni pesa ilizozitoa kwenye mshahara wetu. Hakuna benki mjini Meru wala Embu inayoweza kumpa mfanyabiashara mkopo wa namna hiyo, usio na riba, usio na dhamana, usio na tarehe ya kurudisha. Sisi tunaolala kwenye chumba cha mabati ndio tumegeuzwa wakopeshaji wa watu wenye magari, na hakuna aliyetuomba.

Mmoja wetu, mama anayesafisha wodi katika hospitali ya umma ambayo hatutaitaja, alikwenda kuomba taarifa yake ya NSSF. Alikuwa ameweka karatasi zake zote za mshahara ndani ya bahasha ya kaki, na kila karatasi ilikuwa na mstari ulioandikwa NSSF pamoja na kiasi kilichokatwa. Taarifa ilipochapishwa, miezi michache ya mwanzo ilikuwa imejazwa. Iliyofuata ilikuwa sufuri chini ya sufuri hadi mwisho wa ukurasa. Mama huyo amefanya kazi chini ya kampuni tatu. Kila tenda inapokwisha, kampuni moja inaondoka na nyingine inaingia, na ovaroli zinabadilika rangi. Ndoo ni zilezile, wodi ni ileile, na msimamizi wa hospitali anayemwonyesha pa kusafisha ni yuleyule. Kampuni ya kwanza ililipa kidogo ikaacha. Ya pili haikuwahi hata kumsajili. Ya tatu inalipa mwezi mmoja na kuruka miwili.

Alimwendea msimamizi wa kampuni. Akajibiwa, "Mama, serikali haijatulipa. Tukilipwa tutapeleka zote kwa mara moja." Akaenda kwa mkubwa wa hospitali. Akajibiwa, "Mama, wewe si mfanyakazi wetu. Ongea na kontrakta wako." Kontrakta wa kwanza hapatikani kwa simu. Kampuni ya pili imebadilisha jina. Mama amesafisha jengo moja miaka hiyo yote, lakini kwenye vitabu ni kama mtu aliyetangatanga kutoka kazi hadi kazi bila kukaa popote.

Hapo ndipo penye kiini cha lalamiko letu. Hospitali, benki, shule, chuo au kaunti inapotoa kazi ya usafi au ulinzi kwa tenda, inapata wodi safi na lango lililolindwa. Inapata pia kitu kingine ambacho hakiandikwi kwenye tenda: haidaiwi na mtu. Ile kazi ingali ya lazima na inafanywa mahali palepale kila siku ya mwaka, ila mwenye mahali amenunua ruhusa ya kusema hatujui. Na kontrakta anayeshinda tenda mara nyingi ni yule aliyeandika bei ya chini kabisa. Bei hiyo inashuka kwa kupunguza nini? Sabuni haipungui sana, wala sare. Kinachopungua ni mshahara na michango. Aliyekubali bei hiyo aliijua hesabu kabla hajatia sahihi, kwa sababu mshahara wa chini unatangazwa na serikali yenyewe na viwango vya michango viko kwenye sheria. Ukizidisha idadi ya wafanyakazi kwa viwango hivyo na jumla ikapita bei ya tenda, unajua tayari nani ataibiwa.

Mahakama zetu zimeligusa jambo hili. Mwaka 2013, katika kesi iliyohusu kampuni ya Wrigley, iliwekwa kanuni kwamba mwajiri asitumie makontrakta kama njia ya kutoroka majukumu yake kwa wafanyakazi. Tunaishukuru kanuni hiyo. Lakini mfagizi wa Embu hawezi kuibeba mkononi kwenda kuidai kwa mkubwa wa afisi, na kumlipa wakili ni mshahara wa miezi.

Wapo wenzetu ambao hata hiyo karatasi ya mshahara hawajawahi kuiona. Hawa ndio vibarua. Sheria ya Ajira ya 2007 inaeleza wazi kwamba kibarua wa siku ni mtu anayechukuliwa kwa muda usiozidi saa 24 na kulipwa mwisho wa siku. Kifungu cha 37 kinaendelea kusema kwamba kibarua akifanya kazi kwa siku mfululizo ambazo jumla yake inafika mwezi, au akipewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kuisha kabla ya miezi mitatu, anahesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi, na ana haki zake. Waajiri wanakijua kifungu hicho kuliko sisi. Ndiyo maana nyapara anakuja siku moja kabla mwezi haujatimia na kukuambia, "Kijana, pumzika wiki hii, tutakupigia." Wiki ikiisha unapigiwa simu, unarudi kwenye kitalu kilekile, unaanza kuhesabiwa upya. Kuna watu Timau na Mbeere waliokaa hivyo hadi watoto wao wakaja kuandikwa kwenye shamba lilelile, kwa mtindo uleule.

Tunataka tueleweke hapa. Hatumsemi mkulima wa nusu ekari ya chai kule Kionyo au Mungania anayemwita jirani amsaidie kuchuma asubuhi na kumlipa kwa kilo. Hatumsemi mwenye miraa wa Igembe wala mwenye muguka wa Mbeere anayelipa wachumaji siku ya kuvuna tu. Huyo naye hana pensheni, na bei ya mazao yake inapangwa na watu wengine. Kwake yeye na kwa mchumaji wake kuna njia ya kujiwekea wenyewe, kama mpango wa Haba Haba wa NSSF wa Sh25 kwa siku, na tungependa serikali iende vijijini kuueleza kwa lugha inayoeleweka. Sisi tunamsema mwenye ghala, mwenye kiwanda, mwenye shamba la mamia ya vibarua, mwenye shule na mwenye tenda. Hao wana mhasibu, wana kompyuta, na wana akaunti ya benki. Hawawezi kutuambia kwamba kujaza fomu ya mwezi kumewashinda.

Walimu wa BOM nao wana kilio chao. TSC, tume inayoajiri walimu wa umma, haijatuma walimu wa kutosha, kwa hiyo bodi ya shule inamwajiri kijana aliyehitimu na kumlipa kwa pesa za wazazi. Analipwa elfu nane, elfu kumi, na likizo ikifika halipwi. Anafundisha Hesabu na Kemia, anasimamia masomo ya jioni, na mtihani wa kitaifa ukitoka vizuri shule nzima inacheza. Muulize kama ana NSSF. Atakuambia mwalimu mkuu alisema bajeti haina nafasi ya hiyo. Kwa mshahara wa Sh10,000, bodi inapaswa kuongeza Sh600 kwa mwezi. Shule inayokosa Sh600 za mwalimu inapata za kupaka lango rangi siku ya sherehe ya wazazi. Wazazi wenzetu, tunawaomba mliulize hili kwenye mkutano ujao, kwa sababu bodi hizo zinaajiri kwa niaba yenu.

Kwa upande wa afya, hasara haingoji uzee. Inakuja usiku mmoja tu. Mtoto anashikwa na kifua, zahanati inasema apelekwe hospitali kubwa, baba anafika kwenye dirisha la SHA akiwa na kitambulisho. Karani anabofya na kusema michango haijalipwa. Baba anatoa karatasi ya mshahara, anaonyesha mstari wa SHA na kiasi alichokatwa mwezi uliopita, na mwezi wa kabla ya huo. Karani si mtu mbaya. Anamwambia, "Mzee, mimi naona kile mfumo unaonyesha." Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya zinagharamiwa na hazina nyingine, lakini kulazwa na kupasuliwa kunategemea mchango uliolipwa. Halafu baba huyo anashauriwa ajilipie kama mtu wa jua kali, ambaye hutakiwa kulipia mwaka mzima, au achukue mkopo wa Lipa SHA Pole Pole. Yaani amekatwa na mwajiri, na sasa alipe tena kwa pesa za kukopa, kwa huduma ileile. Asubuhi utaona jina la mtoto kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na namba ya kutuma mchango. Ukoo mzima unalipa deni la kontrakta mmoja.

Hapo mbele ya dirisha hakuna anayemuuliza mwajiri kitu. Aliyezuiwa ni mgonjwa, wakati aliyevunja sheria amelala nyumbani. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri anayekata pesa za mfanyakazi azipeleke zinakotakiwa kwa wakati, na anayekaidi anaweza kutozwa faini ya hadi Sh100,000, au kufungwa hadi miaka 2, au vyote viwili. Sheria ya NSSF nayo inamwongezea mchelewaji adhabu ya asilimia 5 ya deni kwa kila mwezi. Adhabu zipo kwenye karatasi. Sisi tunaotembea kati ya Maua na Kiritiri bado hatujasikia tajiri aliyefungwa kwa ajili ya NSSF ya mfagizi, ingawa tumesikia mara nyingi kijana aliyefungwa kwa kuiba kuku.

Na kuna mtego mwingine ambao wengi wetu tunaugundua siku ya kufutwa. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ajira kinampa mfanyakazi kiinua mgongo kwa kila mwaka aliotumikia. Kifungu kidogo kinachofuata kinamwondolea haki hiyo kama ni mwanachama wa NSSF, kwa maana kwamba amekwisha kuwekewa akiba huko. Kwa hiyo mwajiri anakuja mbele ya afisa wa leba na nambari yetu ya NSSF kama kinga. Anasema, huyu ni mwanachama, simdai wala hanidai. Tukisema basi tulipwe zile ambazo hazikupelekwa, kuna hukumu zilizosema pesa hizo ni za hazina wala si za mfanyakazi kupewa mkononi, na tuende tukaripoti NSSF. Tunatoka kortini bila kiinua mgongo na bila michango. Bunge liliandika kifungu hicho likidhani nambari ya uanachama ni sawa na pesa kwenye akaunti. Kiandikwe upya kiseme wazi: asiyepeleka michango asijikinge na uanachama wetu.

Tunawajibu pia wale wanaosema sheria mpya ndiyo imewalemea. NSSF iliundwa 1965. Kabla ya Februari 2023, kila mwezi mfanyakazi alikatwa Sh200 na mwajiri akaongeza Sh200, basi. Sheria iliyopandisha viwango ilitiwa sahihi Desemba 2013, ikazuiwa kortini, ikabatilishwa na Mahakama ya Ajira Septemba 2022, ikafufuliwa na Mahakama ya Rufaa Februari 2023, kisha Februari 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha kesi katika Mahakama ya Rufaa isikizwe upya. Tunaelewa kwamba waajiri walikuwa na hoja zao na walikuwa na haki ya kwenda kortini. Lakini taarifa zetu zina mapengo ya miaka ile ya Sh400 vilevile. Aliyeshindwa kupeleka Sh400 hakulemewa na sheria ya 2013. Alizoea.

Na serikali isijitoe kwenye lawama hii, kwa sababu ndiyo iliyofundisha wengine. Kaunti nyingi nchini zinadaiwa mabilioni ya shilingi na mifuko ya pensheni ya wafanyakazi wao wenyewe, na suala hilo limefikishwa Seneti mara nyingi. Wahudumu wa afya wa UHC, mpango wa afya kwa wote, walioajiriwa kwa kandarasi mwaka 2020, maelfu nchi nzima, walifanya kazi wakati wa korona kwa mishahara iliyokuwa chini ya ile ya wenzao wa kudumu, na mwaka 2025 ikabidi wapige kambi nje ya Afya House, makao ya Wizara ya Afya jijini Nairobi, wakidai ajira ya kudumu na kiinua mgongo. Ikiwa serikali inaweza kumweka muuguzi kwenye kandarasi mwaka baada ya mwaka, kontrakta wa kufagia atamwogopa nani?

Kuna ukweli pia katika kile makontrakta wanachosema juu ya madeni ya serikali. Wapo waliofanya kazi na kungoja malipo hadi wakauza magari. Hatufurahii shida yao. Lakini Sh900 zilizotolewa kwenye mshahara wetu hazikuwa za kungoja malipo ya tenda. Aliyezishika alikuwa na pesa za kutulipa mshahara, na alipoutoa mshahara alibaki na sehemu yetu. Ile ilikuwa amana, na mtu hali amana akasingizia kwamba na yeye anadaiwa.

Dunia hii ina watu waliokwisha kulitatua jambo hili. Nchini Uhispania, sheria ya wafanyakazi inamfanya mwenye kazi awajibike pamoja na kontrakta kwa michango ya hifadhi ya jamii katika kazi za shughuli yake mwenyewe, na wajibu huo unamfuata kwa miaka 3 baada ya kandarasi kwisha. Afrika Kusini, sheria ya mahusiano ya kazi inamfanya anayekodi wafanyakazi kupitia wakala awajibike pamoja na wakala huyo haki zao zinapovunjwa, na wafanyakazi wa mishahara ya chini wakipita miezi mitatu wanahesabiwa kuwa wake. Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilisisitiza jambo hilo mwaka 2018. Benki za nchi hizo hazikufungwa kwa sababu ya sheria hizo, wala hospitali hazikukosa wafagizi.

Kwa hivyo tunadai yafuatayo, na hakuna hata moja linalohitaji muujiza.

Kila anayetoa kazi kwa kontrakta, awe kaunti, hospitali, chuo, benki au shamba, asilipe ankara ya mwezi kabla ya kuona risiti za NSSF na SHA za mwezi uliotangulia, zikiwa na majina ya wafanyakazi waliopo kazini pale. Hili linaweza kuanza hata kabla ya sheria mpya, kwa kuandikwa kama sharti la tenda. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 tayari inamkataza kupewa tenda mtu aliyevunja vibaya sheria za ajira. Tunataka itumike.

Bunge liandike kwamba mwenye kazi na kontrakta wanadaiwa kwa pamoja. Kontrakta akitoroka au akibadilisha jina la kampuni, mwenye kazi alipe, kisha amtafute kontrakta wake mwenyewe. Yeye ana mkataba wake, ana anwani yake, na ana mawakili. Sisi tuna namba ya simu isiyopatikana.

SHA imtibu mfanyakazi anayeonyesha karatasi ya mshahara iliyokatwa, na imdai mwajiri. Karatasi hiyo inatolewa na mwajiri mwenyewe, kwa hiyo ni ushahidi dhidi yake. Hakuna sababu ya kumwadhibu mtoto mwenye nimonia.

NSSF itutumie ujumbe wa simu kila mwezi, hata pale ambapo hakuna kilichofika. Mfanyakazi akijua pengo limeanza Machi, atauliza Aprili. Akilijua baada ya miaka 5, kampuni imekwisha hama, na huenda hata muda wa miaka 3 ambao sheria inatoa kwa kesi za ajira umekwisha kupita.

Afisa wa leba na wakaguzi wa NSSF waje kazini bila kupiga simu mapema, waje usiku kwa walinzi na alfajiri mashambani, na waongee nasi nyapara akiwa mbali. Sheria ya Ajira inasema kumlalamikia mwajiri si sababu halali ya kumfuta mtu. Tunajua hivyo, na tunajua pia kwamba anayetajwa jina leo hapati zamu kesho. Jina la mlalamishi lifichwe.

Na sisi wenyewe tuna la kufanya. Mwenzangu, usitupe karatasi ya mshahara, hata kama imelowa. Ukipewa pesa mkononi, andika tarehe na kiasi. Omba taarifa yako ya NSSF, na uangalie hali ya SHA yako kwa *147# ungali mzima. Mkiwa kumi wenye pengo la miezi ileile, andikeni barua moja na mwende kumi. Mtu mmoja ni rahisi kufukuzwa, kumi wakiondoka lango linabaki wazi na wodi inabaki chafu, na mwenye mahali anajua hivyo.

Dawa ya deni ni kulipa. Hatuombi msaada wa mtu wala hatutafuti fadhila ya mwanasiasa mwenye bahasha. Tunadai pesa ambazo tayari ni zetu, sehemu zikiwa zimetoka kwenye mshahara wetu na sehemu zikiwa za mwajiri kuongeza kwa amri ya sheria. Tenda zijazo za usafi na ulinzi zitakapotangazwa Meru na Embu, tutasoma masharti yake mstari kwa mstari. Tukikuta sharti la risiti za michango halimo, tutawaandikia wawakilishi wetu wa wadi na kuwauliza ni nani aliyeliondoa, na tutataka jibu la maandishi.